Fahamu Kichwa cha Kisima cha Mafuta, Mlinzi wa Maji na Malisho Yetu

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Turkana Kusini na Turkana Mashariki waliokutana Lokichar. Yamehaririwa kidogo ili yasomeke kwa urahisi.



Leo sitazungumzia siasa ya mafuta, wala sitaahidi mtu kazi. Nataka tuzungumze kuhusu chuma. Ninyi mnaochunga upande wa Ngamia, Amosing na Twiga mmekiona mara nyingi. Nyuma ya ua wa seng'enge, katikati ya uwanja uliosawazishwa, kuna vyuma vizito vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vina magurudumu ya kuzungushwa kwa mkono, mikono ya pembeni na saa za kupima. Havipigi kelele wala havitoi moshi. Mbuzi hupita nje ya ua bila kuvitazama.

Chuma hicho kinaitwa kichwa cha kisima. Sehemu yake ya juu, ile yenye magurudumu na mikono, wachimbaji wa dunia nzima huiita mti wa Krismasi kwa sababu ya umbo lake.

Ofisini kwetu maswali matatu hurudi kila mara. La kwanza: je, kisima cha mafuta kinaweza kulipuka? La pili: je, mafuta yanaweza kuingia katika maji tunayokunywa sisi na mifugo yetu? La tatu: ni nani anayejua kiasi cha mafuta kinachotoka? Maswali yote matatu yanaanzia kwenye chuma hicho. Mimi nilisomea uandishi wa habari, si uhandisi, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha tunayotumia nyumbani.

Kwa nini mafuta yanapanda

Mafuta hayakai chini ya ardhi kama ziwa. Yamo ndani ya vitundu vidogo sana vya mwamba, jinsi maji yanavyokaa kwenye mchanga wa laga. Juu ya mwamba huo kuna tabaka la udongo mgumu lisilopitisha kitu. Mafuta yamebanwa hapo kwa mamilioni ya miaka, na uzito wa yote yaliyo juu yake unayakandamiza.

Tufanye hesabu kidogo. Ukishuka mita 10 ndani ya maji, msukumo unaongezeka kwa takriban pauni 14.5 kwa kila inchi ya mraba. Kwenye kina cha mita 2,000, msukumo wa maji pekee unakaribia pauni 2,900. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi. Ninyi mliowahi kuona gurudumu likipasuka barabarani mnajua pauni 30 zinaweza kufanya nini. Sasa fikirieni 2,900.

Bahati yetu ni kwamba mafuta yaliyojaa ndani ya bomba yana uzito wake, na uzito huo unarudisha msukumo chini. Kwa mfano wetu wa mita 2,000, mafuta ya uzito wa kawaida yangerudisha sehemu kubwa, na msukumo unaofika juu ungekuwa mia chache tu za pauni. Gesi ni hadithi nyingine. Gesi haina uzito wa maana. Bomba likijaa gesi, karibu msukumo wote wa chini unafika juu kwenye chuma. Ndiyo maana mchimbaji akiambiwa kuna gesi, anakuwa mwangalifu zaidi kuliko akiambiwa kuna mafuta.

Wakati wa kuchimba

Kisima kinapochimbwa bado hakina mti wa Krismasi. Kinga ya kwanza wakati huo ni matope. Haya si matope ya mtoni. Ni mchanganyiko uliopimwa, wa maji au mafuta pamoja na udongo laini na madini mazito, unaopigwa kupitia ndani ya bomba la kuchimbia na kurudi juu ukibeba vipande vya mwamba. Uzito wa matope hayo ndio unaozuia mafuta na gesi visipande. Yakiwa mepesi mno, gesi inaingia. Yakiwa mazito mno, yanapasua mwamba na kupotelea ndani yake. Fundi anayeyapima hana nafasi ya kusinzia.

Kinga ya pili ni mashine nzito inayofungwa juu ya kisima, chini ya sakafu ya rigi. Kazi yake ni kuzuia mlipuko. Ndani yake kuna mataya ya chuma yanayosukumwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki. Mengine yanalikumbatia bomba na kuziba nafasi iliyo kando yake. Mengine yanaweza kulikata bomba lenyewe na kukifunga kisima kabisa. Mashine ya aina hii iliundwa Marekani mwaka 1922 na James Abercrombie na Harry Cameron. Kabla ya hapo, kisima kikifumuka, watu walikimbia na kungoja.

Mfano maarufu ni Spindletop, katika jimbo la Texas. Tarehe 10 Januari 1901 mafuta yaliruka hewani kutoka kisima kilichochimbwa hapo, na siku tisa zilipita kabla ya mafundi kufanikiwa kukifungia vali. Inakadiriwa kuwa mapipa 100,000 hivi yalimwagika kila siku. Picha za wakati ule zinaonyesha watu wakitazama kwa furaha, maana waliona utajiri. Leo mhandisi yeyote akiona picha hiyo anaona hasara, moto unaosubiri cheche, na ardhi iliyoharibika.

Mabomba ndani ya mabomba, na maji yetu katikati

Sasa tuje kwenye swali la maji. Kwetu hili ni swali la uhai. Kisima cha mafuta kinapita kwenye tabaka lile lile linalotupa maji ya kunywa. Hakiwezi kulikwepa, kwa sababu maji yako juu na mafuta yako chini.

Kinga yake ni hii. Kisima hakina bomba moja. Kina mabomba kadhaa, moja ndani ya lingine, kama sufuria zilizopangwa kabatini. Bomba la nje ni pana na fupi. Linalofuata ni jembamba kidogo na linashuka zaidi, kupita tabaka la maji matamu. Bomba hili likishafika, simiti laini inapigwa kupitia ndani yake hadi izunguke chini na kupanda kwa nje mpaka juu ya ardhi. Ikiganda, maji yetu yametenganishwa na kisima kwa ukuta wa simiti na ukuta wa chuma. Kisha uchimbaji unaendelea, bomba jingine linashushwa ndani, nalo linatiwa simiti. Mwisho kabisa unashushwa mrija wa katikati, na huo ndio unaopitisha mafuta.

Mabomba hayo yote mazito yananing'inia kwenye kichwa cha kisima. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chuma mnachokiona: kubeba uzito. Kazi ya pili ni kuziba nafasi iliyo kati ya bomba na bomba, ili kitu kisipande kupitia hapo. Kazi ya tatu, ambayo ningependa kila mmoja wetu aikumbuke, ni kutoa habari. Pembeni mwa kila tabaka la kichwa kuna vali ndogo, na palipowekwa saa ya kupimia, saa hiyo husoma msukumo ulio katika nafasi ya kati ya mabomba. Nafasi hiyo inatakiwa ikae kimya. Saa ikianza kupanda bila sababu inayojulikana, ina maana kwamba kitu kinavuja huko chini: huenda bomba limeoza, simiti ina ufa, au mpira wa kuziba umechakaa.

Kwa hiyo mtu akikuuliza utajuaje kwamba mafuta hayaingii kwenye maji, jibu lina sehemu mbili. Sehemu moja ni kupima maji ya visima vyetu vya kunywa kabla ya uchimbaji na baada yake, na kulinganisha. Sehemu ya pili ni kusoma zile saa za pembeni, kuandika tarehe na namba, na kutunza daftari hilo. Saa isiyosomwa haimlindi mtu.

Mti wa Krismasi, vali moja baada ya nyingine

Uchimbaji ukiisha, rigi inaondoka na mti wa Krismasi unafungwa juu ya kichwa. Tuupande kutoka chini.

Chini kabisa kuna vali kuu, na kwa kawaida huwa mbili, moja juu ya nyingine. Ile ya chini haifungwi na kufunguliwa ovyo. Inaachwa wazi na kutunzwa kama akiba, kwa sababu ikiharibika ni vigumu sana kuibadilisha. Mafundi hutumia ile ya juu katika kazi za kila siku.

Juu ya vali kuu kuna njia panda. Mkono mmoja ndio unaopeleka mafuta kwenye bomba la kwenda kwenye matangi. Mkono wa upande wa pili ni wa dharura. Kupitia huo, mafundi wanaweza kupiga maji mazito ya chumvi au matope ndani ya kisima ili kukituliza. Wao husema kukiua kisima. Kwenye kilele kuna vali nyingine inayofunguliwa wakati wa kushusha vifaa vya kupimia au kusafishia, halafu kuna kofia na saa ya kupima.

Kati ya vali hizo kuna inayojifunga yenyewe. Madereva wa malori waliopo hapa wataielewa haraka. Breki za upepo za lori kubwa zinaachiliwa na upepo. Upepo ukipotea, springi inabana na lori linasimama. Vali hii inafanya kazi hivyo hivyo. Msukumo wa haidroliki au wa upepo ndio unaoishikilia iwe wazi. Moto ukiyeyusha mrija wa msukumo, bomba likipasuka mbele, au mtu akibonyeza kitufe cha dharura, msukumo unapotea na springi inafunga vali. Katika visima vinavyotoa mafuta kwa nguvu zake vyenyewe huwekwa pia vali ya aina hiyo chini ya ardhi, ndani ya mrija. Hata lori likigonga mti wa Krismasi na kuung'oa, ile ya chini inatakiwa ijifunge.

Kanuni inayotawala yote haya ni rahisi: wakati wowote kati ya mafuta na hewa pawe na vizuizi viwili vinavyofanya kazi, na kila kimoja kiwe kimejaribiwa. Kimoja kikiharibika, kazi inasimama hadi kirekebishwe. Mfugaji anaelewa jambo hili. Huwezi kutegemea mlango wa boma pekee wakati ua umetoboka.

Vifaa hivi vina daraja. Kiwango kinachofuatwa sana duniani ni kile cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, kiitwacho 6A. Kinagawa vifaa kwa uwezo wa kuhimili msukumo: pauni 2,000, 3,000, 5,000, 10,000, 15,000 na 20,000 kwa inchi ya mraba. Daraja huandikwa kwenye chuma chenyewe. Vipande vinaunganishwa kwa bolti nene, na kati ya kipande na kipande kuna pete ya chuma inayobanwa hadi izibe. Pete hiyo hutumika mara moja. Ukifungua kiungo, unaweka mpya.

Choki: mkono unaopunguza mwendo

Kuna kifaa kimoja kwenye ule mkono wa mafuta ambacho watu hukipuuza. Kinaitwa choki. Ni tundu dogo tu ambalo mafuta yote lazima yapitie, na ukubwa wake hupimwa kwa sehemu za inchi moja iliyogawanywa mara 64. Kuna choki ya tundu lisilobadilika na kuna ya kurekebishwa.

Mtu anaweza kuuliza: kama mafuta ni pesa, kwa nini tusifungue kabisa? Jibu ni kwamba kisima kikifunguliwa kupita kiasi kinajiharibu. Mafuta yakikimbia, yanabeba mchanga, na mchanga huo unakwangua chuma kama msasa mpaka kinatoboka. Maji yaliyo chini ya mafuta yanavutwa juu, na yakishazoea njia hayarudi. Gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta inatoka mapema, sawa na soda iliyofunguliwa ghafla, na msukumo uliokuwa ukisaidia kuyainua mafuta unaisha. Anayekamua ng'ombe hadi tone la mwisho anamnyima ndama, na mwaka ujao hana maziwa.

Mafuta yetu yana tabia yake

Ninyi mnajua historia. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1. Baadaye vikaja Twiga, Etuko, Ekales, Amosing, Etom na vingine. Wakenya wengine huyasoma kama majina tu. Sisi tunajua kwamba etuko ni punda milia, ekales ni mbuni, amosing ni kifaru na etom ni ndovu.

Mafuta ya Turkana yana kiasi kidogo cha salfa, jambo linalopendwa sokoni. Lakini yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda kama mafuta ya mkia wa kondoo asubuhi ya baridi. Ndiyo maana katika mradi wa majaribio wa kuyasafirisha kwa malori, ulioanza Juni 2018, yalibebwa yakiwa ya moto hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Majirani zetu wa Uganda wana tatizo hilo hilo. Bomba lao la kutoka Hoima hadi Tanga, nchini Tanzania, lenye urefu wa kilomita 1,443, limeundwa liwe la kupashwa moto.

Kwa kichwa cha kisima, nta ina maana mbili. Kwanza, inaweza kujibandika ndani ya mrija, kwenye choki na kwenye vali, hadi vali ishindwe kufunga vizuri. Vali yenye nta ni kama mlango wenye mchanga kwenye kizingiti: unadhani umefunga, kumbe haujafunga. Lazima visafishwe na kujaribiwa mara kwa mara. Pili, mafuta mazito ya nta hayawezi kutegemea nguvu zake peke yake kwa muda mrefu. Yatahitaji pampu, na yatahitaji maji kupigwa chini ya ardhi kupitia visima vingine ili kuyasukuma. Mpango wa uendelezaji uliowahi kuandaliwa ulitaja maji ya bwawa la Turkwel kwa kazi hiyo. Visima vya kupigia maji navyo vina vichwa, vali na saa, na vinastahili ulinzi ule ule.

Pale kinga zinaposhindwa

Singependa mtoke hapa mkidhani kwamba chuma hakishindwi. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, rigi ya Deepwater Horizon ililipuka ikiwa juu ya kisima cha Macondo. Watu 11 walikufa. Mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87, na serikali ya Marekani ilikadiria kuwa yalifika takriban mapipa milioni 4.9. Uchunguzi ulionyesha mlolongo wa makosa. Simiti ya chini haikuziba. Kipimo cha msukumo kilitoa ishara ya hatari, lakini kikasomwa kana kwamba mambo ni shwari. Mashine ya kuzuia mlipuko haikukifunga kisima. Saa ilisema kweli. Binadamu ndiye aliyechagua jibu alilolitaka.

Kuwait ni somo la aina nyingine. Mwaka 1991 majeshi ya Iraq yalipokuwa yakirudi nyuma, yaliwasha moto zaidi ya visima 600 kwa kulipua vichwa vyake. Moto wa mwisho ulizimwa Novemba mwaka huo huo. Visima vile havikuwa na kasoro chini ya ardhi. Kichwa kilipoondolewa tu, nchi nzima ikafunikwa na moshi. Kumbukeni mfano huu mtu atakapowaambia kwamba bolti ya kisima ni chuma chakavu cha kuuzwa.

Nani anashika nini

Lazima niseme wazi: petroli iko chini ya serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haitoi leseni ya kuchimba na haishiki funguo za vali hizo. Mdhibiti ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mazingira yako chini ya NEMA, na maji chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hata hivyo, kisima kikivuja hakitavujia Nairobi. Kitavuja hapa. Kwa hiyo haki ya kuuliza ni yetu.

Tena kuna suala la fedha. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inagawa sehemu ya faida inayoiendea serikali: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo husika, kwa viwango vya juu vilivyowekwa na sheria hiyo. Asilimia ya nini? Ya kilichopimwa. Pipa moja ni lita 159 hivi. Shehena ya kwanza iliyoondoka Mombasa Agosti 2019 ilikuwa na takriban mapipa 240,000, yaani lita zaidi ya milioni 38. Kipimo cha mwisho cha mauzo hufanywa mbele ya safari, baada ya mafuta kutenganishwa na maji na gesi. Lakini kila kisima hupimwa peke yake kwa zamu, na hapo ndipo hesabu inapoanzia. Kijana wetu anayejua kusoma choki, saa na mita ana faida kuliko kijana anayejua tu kwamba lori limepita.

Mambo ya kufanya

Ukiwa karibu na kisima, zingatia haya.

Kwanza, usivuke ua hata kama kisima kimefungwa miaka mingi. Kisima kilichofungwa kwa muda bado kina msukumo chini yake. Ukiona ua umevunjika, mlango uko wazi, bolti imeng'olewa au saa imevunjwa, mwambie chifu siku hiyo hiyo.

Pili, ukisikia sauti ya kufyonza kama gurudumu linalotoa upepo, ukaona mafuta yakichuruzika, au ukanusa harufu ya gesi, usikaribie kuangalia. Usiwashe moto, sigara, pikipiki wala simu ukiwa hapo. Tazama vumbi au majani ujue upepo unatoka wapi, kisha ondoka kuelekea upande unakotoka, pamoja na mifugo kama inawezekana bila kuchelewa. Usijifiche kwenye laga au shimoni, kwa maana gesi nyingine ni nzito kuliko hewa na hukusanyika mabondeni. Ukifika mbali, piga 999 au 112, kisha umwarifu chifu.

Tatu, harufu ya mayai yaliyooza ni onyo la gesi ya sumu. Ikizidi, gesi hiyo huua uwezo wa pua kunusa. Harufu ikipotea ghafla usiseme hatari imeisha. Endelea kuondoka.

Nne, maji ya kisima chenu cha kunywa yakibadilika ladha, rangi au harufu, au yakiwa na utando wa mafuta juu, acheni kuyatumia. Chukueni kiasi kidogo kwenye chupa safi ya glasi yenye kifuniko, andikeni tarehe, saa na mahali, na mpeleke kwa afisa wa maji au wa afya ya umma. Malalamiko yenye tarehe na chupa yana uzito kuliko malalamiko ya mdomo.

Tano, ulizeni kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Usiyejua kuandika unaweza kusema kwa mdomo, na afisa anapaswa kukuandikia. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Usipojibiwa, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, tunayoijua zaidi kama Ofisi ya Ombudsman.

Muulize nini? Nitawapa maswali manne ya kuanzia. Kichwa cha kisima hiki ni cha daraja gani, na msukumo wa juu kabisa unaotarajiwa hapa ni kiasi gani? Vali zake zilijaribiwa lini mara ya mwisho, na matokeo yalikuwa yapi? Saa za pembeni zinasomwa na nani, kila baada ya muda gani? Maji ya visima vya jirani yalipimwa lini? Maswali haya hayamtukani mtu. Kampuni inayofanya kazi vizuri ina majibu tayari kwenye daftari lake.

Ndugu zangu, sina uwezo wa kuwaambia mafuta haya yatatufanya matajiri. Hilo litaamuliwa na bei, mikataba na uadilifu wa watu wengi, tukiwemo sisi. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba maji tunayokunywa na malisho tunayochungia yanalindwa na simiti, mabomba, vali na saa ambazo mtu lazima azisome. Chuma hakiwezi kujisemea. Kinahitaji majirani wanaokijua.

Maandishi haya yatapatikana katika ofisi za wadi. Mwenye watoto shuleni amsomee au asomewe nao. Sasa ni zamu yenu kuuliza.